Breki ya Abiria

Tazama miguu ya mtu aliyekaa kiti cha mbele, kando ya dereva. Gari likiusogelea mkia wa lori haraka kuliko anavyopenda, mguu wake wa kulia unakandamiza sakafu mahali pasipo na pedali yoyote. Mkono unatafuta kishikio cha juu ya mlango. Pumzi inakatika, kisha inatoka na sauti kidogo, ambayo dereva ameisikia na ameamua kujifanya hakuisikia. Hiyo ndiyo breki ya abiria, na kwa kawaida huchekwa. Mimi naona inastahili kuchambuliwa kwanza, maana mguu ule unafanya jambo la busara kabisa kwa taarifa ulizopewa. Kasoro ni kwamba umepewa nusu tu ya taarifa.

Dereva, kabla hajagusa breki, ameshaondoa mguu kwenye mafuta. Kabla ya hapo ameshaona taa za lori zikiwaka, amepima nafasi, ametupia jicho kioo cha pembeni kuona kama kuna upenyo. Yote hayo hupita kichwani mwake kimyakimya. Aliye kando yake anaona kitu kimoja tu: mkia wa lori unaozidi kukua. Mpaka gari liiname mbele kidogo kwa breki, hana ushahidi wowote kwamba dereva ameona alichokiona yeye. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hula mita 22 kila sekunde. Sekunde mbili za kusubiri ushahidi huo ni mita 44 ambazo abiria amezipita asijue kama anaendeshwa na mtu aliye makini au mtu anayewaza ada ya shule.

Mwili unaijua tofauti hii hata pale ambapo hakuna hatari. Wapo watu ambao tangu utotoni hawawezi kupanda basi bila mfuko wa kutapikia, lakini siku walipojifunza kuendesha kichefuchefu kiliisha, na siku wakirudi kiti cha abiria, kichefuchefu nacho kinarudi. Mwaka 1991 watafiti wawili, Rolnick na Lubow, walichapisha jaribio lililoeleza hali hiyo. Waliwaweka watu wawili wawili kwenye chombo kimoja kinachozunguka, mmoja akiwa na usukani wa kuamua mzunguko, mwingine akiwa amebebwa tu. Wote walizungushwa sawasawa. Aliyekuwa akibebwa ndiye aliyeumwa zaidi. Anayeongoza anajua kona inakuja kabla haijamfikia, basi shingo na macho hujiandaa. Angalia vichwa vya watu ndani ya gari linapokata kona: cha dereva huinamia ndani ya kona, vya abiria hutupwa nje.

Hofu na kichefuchefu si kitu kimoja, ila vyote viwili hustawi mahali pamoja, pale ambapo mwili unatikiswa bila kuambiwa mapema. Ndiyo sababu neno "tulia" halijawahi kumtuliza abiria yeyote. Halimpi chochote kuhusu kile kinachokuja.

Mahali ambapo upungufu huu ni mkubwa kuliko pengine pote ni kwenye kuovateki. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha upande wa kushoto, na usukani uko kulia. Maana yake dereva amekaa karibu na mstari wa katikati ya barabara, na abiria wa mbele amekaa upande wa mtaro. Gari likiwa nyuma ya lori lenye tela, dereva anaweza kulisogeza kulia kidogo tu akapata kuona barabara ya mbele kilomita nzima. Abiria, katika nukta hiyohiyo, bado anasoma maandishi ya nyuma ya tela. Dereva anaona barabara nyeupe. Abiria anaona ukuta wa bati, kisha anahisi gari likichomoka kwenda upande wa magari yanayokuja. Moyo ukimwenda mbio nani atamlaumu? Kwa macho yake yeye, mtu amejitupa gizani.

Na hesabu yenyewe ya kuovateki ina jambo linalomchanganya abiria. Chukua lori la mita 18 linalokwenda kilomita 60 kwa saa, na gari dogo linalolipita kwa kilomita 80. Ukijumlisha urefu wa lori, urefu wa gari, na nafasi ya mita 20 mbele na 20 nyuma, gari linahitaji kama sekunde 11 kumaliza. Kwa sekunde hizo litakuwa limekwenda mita 250, na gari linalokuja kwa mwendo huohuo wa 80 litakuwa limekuja mita 250 nyingine. Kwa hiyo kabla ya kuchomoka dereva anahitaji kuona nusu kilomita ya barabara tupu. Akiongeza mwendo hadi 100, anamaliza kwa sekunde chini ya 6, na barabara anayohitaji inashuka chini ya mita 300. Kule kukanyaga mafuta ghafla, ambako kwa abiria ndiko kilele cha wazimu, mara nyingi ndiko kunakofupisha muda wa hatari. Hatari halisi ilikuwa kabla: je, dereva aliiona barabara hiyo tupu, au aliibahatisha? Hilo abiria wa kushoto hawezi kulijua kwa macho. Anaweza kulijua kwa tabia tu. Dereva anayechungulia, akarudi, akasubiri, akachungulia tena, huyo anapima. Anayechomoka kwenye kona au kabla ya kilele cha mlima hana alichokiona, kwa sababu hakuna cha kuonekana, na hapo abiria ana haki ya kuogopa na ya kusema.

Ukitaka kuona mambo haya yamegeuzwa, nenda Bujumbura au Goma. Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia, lakini magari mengi ya mitumba huko yametoka Japani, usukani ukiwa kulia vilevile. Sasa dereva ndiye aliyekaa mtaroni, na abiria wa mbele ndiye aliye katikati ya barabara. Nyuma ya lori, dereva ni kipofu mpaka atoe karibu gari zima nje, au amtegemee jirani yake achungulie na kumwambia kama njia ni nyeupe. Abiria amekuwa jicho. Mtu aliyepewa kazi hiyo hana nafasi ya kukanyaga sakafu. Anaangalia mbele, anahesabu, anajibu. Hofu haimwishi, ila imepata ajira.

Mfano wa mbali zaidi wa jambo hilo ni msoma ramani wa mbio za magari. Kwenye Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na ambayo Kenya imeilea mpaka leo, mtu huyo hukaa kando ya dereva kwenye vumbi na matope kwa mwendo ambao ungetutoa roho sisi wengine, naye muda mwingi ameinamia daftari. Anasoma kona inayokuja, ukali wake, na kama kuna shimo baada yake. Anaijua barabara kabla dereva hajaiona. Kiti ni kilekile cha abiria, usukani hana, breki hana.

Mpaka hapa nimekuwa wakili wa abiria. Lazima niseme na upande wa pili, kwamba sehemu ya hofu yetu inatokana na kujipenda. Mwaka 1981 Ola Svenson alichapisha matokeo ya kuwauliza madereva wa Marekani na Uswidi wajipime kwa kulinganishwa na wenzao waliokuwa kwenye utafiti huohuo. Kwa ustadi, asilimia 93 ya Wamarekani na asilimia 69 ya Waswidi walijiweka kwenye nusu ya juu, nusu ambayo kwa hesabu haiwezi kubeba zaidi ya asilimia 50. Mtu anayejiona dereva bora kuliko wengi, akikaa kiti cha abiria, kwa hesabu yake mwenyewe ameshakabidhi roho kwa mtu wa chini yake. Frank McKenna wa Uingereza aliongeza kitu mwaka 1993: watu huamini wana uwezekano mdogo wa kupata ajali kuliko wengine pale wanapojifikiria wakiwa wameshika usukani, lakini wakijifikiria kama abiria imani hiyo hupotea. Kumbe hatukuwa na matumaini makubwa juu ya barabara. Matumaini yalikuwa juu ya mikono yetu.

Miaka sita baadaye McKenna na mwenzake Mark Horswill waliwaonyesha watu picha za video za barabarani na kuwauliza wangechagua mwendo gani. Waliotakiwa kujiona ni madereva walichagua mwendo mkubwa kuliko waliotakiwa kujiona ni abiria. Barabara ileile, picha zilezile. Matokeo haya huwa nayafikiria sana, kwa sababu watu huyasoma upande mmoja tu: kwamba abiria ni mwoga. Yanaweza kusomwa upande wa pili vilevile, kwamba usukani unalevya. Ukiniuliza ni kipi kati ya vipimo viwili kilicho karibu na kile mifupa ya binadamu inachoweza kuhimili, nitachagua cha abiria. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4. Hesabu hiyo haijali nani ameshika usukani.

Hata hivyo hofu ya abiria ina udhaifu mmoja mkubwa: inalenga vibaya. Chukua safari ya Dar es Salaam kwenda Mbeya. Basi likifika Mlima Kitonga, mkoani Iringa, lile gumzo la tangu asubuhi linapungua. Watu wanatazama korongo upande mmoja na mwamba upande mwingine, mama mmoja anashika rozari, aliyekuwa amelala ameamshwa. Lakini basi linapanda. Liko nyuma ya msururu wa malori yanayokwenda mwendo wa kutembea kwa miguu, na kwa mwendo huo likikosea litakosea polepole. Wanaostahili kushika rozari ni wa basi linalotoka Mbeya, linaloteremka, kwa sababu huko breki zikibanwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto sana hupoteza nguvu. Dereva anayejua kazi huteremka na gia nzito ili injini yenyewe ishike gari. Injini ikishikiliwa hivyo hunguruma kwa sauti ya juu, na mngurumo huo ndio unaowatia watu hofu, wakati ni dalili njema. Dalili mbaya haina sauti: ni harufu ya kuungua inayopanda kutoka kwenye magurudumu, na basi linalozidi kuwa jepesi na la kimya.

Ukishapita Kitonga, gumzo linarudi, kisha watu wanasinzia. Barabara imenyooka, basi lina viti vya kulala, kiyoyozi kinapuliza. Hapo ndipo hofu ingepaswa kuamka. Macho yaliyoinuliwa juu ya barabara huona ardhi ikipita taratibu zaidi kuliko macho yaliyo chini. Kwa hiyo abiria wa basi lililoinuka huhisi mwendo mdogo kuliko ulivyo, na aliyebanwa ndani ya Toyota Noah huhisi mkubwa. Vilevile, baada ya saa nzima ya mwendo mkali, ubongo huuzoea. Mtu akiingia kijijini kwa kilomita 70, mahali penye kibao cha 50, anaona kama gari linatambaa. Basi kuukuu linalotikisika na kupiga kelele kwa kilomita 60 linatusalisha, na basi jipya linaloteleza kwa 110 linatulaza.

Kisha kuna usiku. Tanzania ilizuia mabasi ya abiria kusafiri usiku kwa miaka mingi, na mwaka 2023 ikayaruhusu tena. Sipingi ruhusa hiyo. Zuio lilikuwa linapoteza siku nzima ya mfanyabiashara wa Kahama au Tunduma. Ila ruhusa imeleta jambo jipya kwa abiria: saa zenye hatari kubwa kuliko zote, kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri, sasa zinapita akiwa amelala. Ni saa ambazo mwili wa binadamu unadai usingizi hata kama mwenyewe amekunywa kahawa birika zima. Dawson na Reid, watafiti wa Australia, walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi za umakini kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na akifikisha saa 24 ni kama mwenye asilimia 0.10. Dereva aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi, akashinda akihangaika na matengenezo ya gari, akaondoka stendi saa tatu usiku, ikifika saa tano ameshatimiza saa hizo 17. Halewi mbele ya mtu, hanuki pombe, hayumbi akitembea. Mabasi ya safari ndefu yanatakiwa kuwa na dereva wa pili, na swali la maana kuliko yote ambayo abiria anaweza kuuliza kabla ya kupanda ni hili: wa pili yupo, na je, amelala mchana?

Na mkanda. Mtu yuleyule anayepiga ishara ya msalaba, au kusoma dua ya safari, basi linapotoka kwenye geti la stendi, ameukalia mkanda wake. Dua ina nafasi yake na sitaitania; imewavusha watu wengi na roho zao zikiwa mahali pake. Ila Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa aliyemo ndani ya gari kwa hadi nusu, na katika vyote vilivyo ndani ya basi, mkanda ndicho kifaa pekee cha usalama ambacho mamlaka yake yote yako kwa abiria. Inashangaza kwamba anayelia kutokuwa na breki huwa hakumbuki kwamba mkanda anao.

Kwenye bodaboda mambo ni tofauti kidogo, maana huko hofu ya abiria inaingia kwenye uendeshaji wenyewe. Pikipiki hukata kona kwa kulala upande. Abiria mwenye hofu, pikipiki ikilala kushoto, hujinyoosha kulia ili asianguke, na uzito wake unakuwa unavuta kinyume cha dereva. Dereva hulazimika kuilaza pikipiki zaidi ili apate kona ileile, abiria huhisi imelala zaidi, naye hujinyoosha zaidi. Dawa yake ni ndogo: angalia mbele kupitia bega la dereva lililo upande wa ndani ya kona. Mwili utafuata macho, na hutahitaji kufikiria kulala.

Turudi kwenye basi, na kwenye suala gumu kuliko yote, ambalo ni kufungua mdomo. Kila mtu anajua kinachompata abiria wa kwanza kusema "Dereva, punguza mwendo." Konda anacheka. "Mama, ungepanda ndege." Au, "Mzee, nunua la kwako." Walio jirani, ambao dakika moja iliyopita walikuwa wameshika viti vya mbele kwa mikono miwili, ghafla wanaangalia simu zao. Aliyesema anabaki peke yake, na hofu yake imegeuzwa kuwa ushamba. Kumbuka kwamba dereva naye ana anayemwogopa. Wa daladala au matatu ana hesabu ya tajiri ya kupeleka jioni, na chake ni kile kinachobaki juu ya hesabu. Mwendo wake ni mshahara. Abiria mmoja mwenye hofu hawezi kushindana na hilo.

Wanauchumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walijaribu nchini Kenya kuona kama abiria wengi wanaweza. Kuanzia mwaka 2008 walibandika ndani ya matatu za safari ndefu vibandiko vinavyowahimiza abiria wapaze sauti dereva akiendesha vibaya. Matatu nyingi ziliingia kwenye utafiti, baadhi zikiwa na vibandiko na nyingine bila. Ili visibanduliwe, madereva walioviacha waliingizwa kwenye bahati nasibu. Kwa matatu zilizokuwa navyo, madai ya bima yalipungua kwa kiasi cha nusu hadi theluthi mbili. Waliporudia kwa magari mengi zaidi, matokeo waliyochapisha mwaka 2015 yalikuwa madogo, punguzo la kati ya robo na theluthi, ambalo bado ni kubwa ajabu kwa karatasi iliyobandikwa juu ya dirisha. Kenya ilikuwa imeshapitia kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2004, zenye mikanda ya lazima na vidhibiti mwendo vya kilomita 80, hatua za gharama kubwa zilizohitaji polisi kila kona. Kibandiko hakikuhitaji polisi.

Kilifanya nini basi? Ninavyoona mimi, kilimwondolea msemaji wa kwanza ushamba. Maneno yalikuwa yameshaandikwa ukutani; yeye aliyasoma tu. Na jirani yake, aliyekuwa ameyasoma pia, alijua kwamba huyu hajashikwa na kiherehere. Inawezekana vilevile kwamba dereva mwenyewe, akijua kuna karatasi inayowachochea watu nyuma yake, alipunguza kabla hajaambiwa. Vyovyote iwavyo, hofu ambayo kila mmoja alikuwa ameifungia kifuani ilipata njia ya pamoja.

Siku hizi kuna kitu kingine ambacho abiria wa zamani hakuwa nacho: simu inayopima mwendo. Nchini Tanzania mabasi yamefungwa kifaa kinachotuma mwendo wao kwa LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, lakini abiria haoni skrini ya LATRA. Simu anaiona. Hata bila simu, penye vibao vya kilomita saa ya mkononi inatosha: kutoka kibao cha kilomita moja hadi cha nyingine, sekunde 45 ni mwendo wa 80, sekunde 36 ni 100, sekunde 30 ni 120. "Unatuua!" ni maoni, na konda ana jibu la maoni. "Dereva, tuko mia na kumi" ni kitu kingine, kwa sababu dereva anajua ni kweli, konda anajua ni kweli, na kila aliyesikia anaweza kutazama simu yake. Pia namba humsaidia mwenye hofu mwenyewe, kwani mara nyingi atatazama akute ni 74, na kilichokuwa kinamtisha ni dirisha bovu.

Kwenye gari la nyumbani hakuna konda, ila kuna ndoa. Kosa la kawaida huko ni lile neno "Angalia!" Ni neno baya kwa sababu halisemi kitu gani wala kiko upande upi, na linakuja na sauti inayomshtua dereva katika nukta ambayo anahitaji mikono iliyotulia. Dereva anageuka kumtazama aliyepiga kelele, yaani anaacha kutazama barabara. "Bodaboda kushoto," kwa sauti ya kawaida, hufanya kazi yote iliyokusudiwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah waliochapisha mwaka 2008 walikuta kwamba abiria aliye ndani ya gari hubadilisha mazungumzo kulingana na barabara, hunyamaza penye ugumu au huanza kuongelea magari yaliyo mbele, wakati mtu anayeongea kwa simu kutoka mbali huendelea tu na habari zake. Basi aliyekaa kando si mzigo wakati wote. Naye dereva ana neno lake moja ambalo akilizoea litaokoa ndoa nyingi: "Nimemwona." Linamkabidhi abiria ile nusu ya taarifa iliyokosekana, kabla mguu haujagusa sakafu.

Wengine hofu yao ni ya aina nyingine kabisa. Aliyenusurika ajali mbaya anaweza kutetemeka hata gari likiwa linakwenda kilomita 30 kwenye lami tupu, na huyo hahitaji namba wala maelezo ya gia. Anahitaji kurudishwa barabarani taratibu, safari fupi na dereva anayemwamini, kisha ndefu kidogo, na pale inapowezekana mtaalamu wa afya ya akili asimamie hatua hizo. Kumcheka huyo ni ukatili.

Halafu kuna madereva ambao hawaambiwi. Baba mkwe. Bosi aliyekupa lifti ya kwenda Morogoro. Shehe wa mtaa aliyejitolea gari lake kwa msiba. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba tuko mia na kumi, achilia mbali kwamba unaogopa. Watu wetu wamebuni njia kwa ajili yake, na nadhani kila anayesoma hapa ameshaitumia au imeshatumika juu yake: "Mzee, hapa mbele huwa wanapiga tochi sana." Hofu ya abiria haijatajwa. Mwendo wa mzee haujatajwa. Ametajwa askari mwenye tochi ya kupima mwendo, ambaye hayupo pale kujitetea, na mzee anapunguza kwa heshima zake zote, huku akikushukuru. Ina kasoro moja tu. Akishapita hapo asione askari atakanyaga zaidi kufidia, na unaweza kurudia mara mbili, pengine tatu, kabla hajaanza kukutazama kwa jicho la pembeni. Kwa hiyo usizimalize tochi zako zote kabla ya Chalinze.